Mlango wa Dharura Kiwandani: Gesi Inapotoka, Inakwenda Wapi?

Kila apikaye maharage kwa sufuria ya presha anaufahamu mlio wake. Maji yanapochemka ndani ya chombo kilichofungwa, mvuke hujikusanya, shinikizo hupanda, na uzito mdogo uliowekwa juu ya kifuniko huinuka ili mvuke upate pa kutokea. Mlio huo haupaswi kumtisha mpishi. Ni ishara kwamba chombo kinapumua kama kilivyokusudiwa, na kwamba hakitapasuka.

Mvuke ule hutawanyika jikoni, nao haumdhuru mtu asiyeusogelea, kwa kuwa ni maji tu. Lakini tuseme kilichomo ndani ya chombo si maji na maharage, bali ni klorini, amonia au kimiminika kinachoshika moto kwa cheche moja. Tuseme pia kwamba chombo si cha lita sita, bali ni tangi lenye ukubwa wa nyumba, na ng'ambo ya ukuta kuna shule, soko na makazi ya watu. Hapo kufunguka kwa vali si mwisho wa jambo. Swali linalofuata ndilo kubwa zaidi: kilichotoka kinakwenda wapi?

Katika makala haya tunaeleza jinsi viwanda vya kemikali vinavyotakiwa kukusanya na kudhibiti kile kinachotoka katika vali za dharura, yaliyowahi kutokea pale udhibiti huo ulipokosekana, na maswali ambayo mwananchi anayeishi jirani na kiwanda ana haki ya kuyauliza. Mwishoni tunarejea nyumbani, kwa kuwa kanuni zilezile zinauhusu mtungi wa gesi, hita ya maji na sufuria ya presha.

Kwa nini chombo kilichofungwa ni lazima kiwe na mlango

Wazo la mlango wa dharura ni la kale. Mnamo mwaka 1679, Mfaransa Denis Papin aliwaonyesha wanazuoni wa Royal Society ya London chungu cha chuma kilichofungwa barabara, ambacho kililainisha hata mifupa kwa nguvu ya mvuke. Chungu cha namna hiyo kingeweza kulipuka, na kwa sababu hiyo Papin akabuni vali inayojifungua yenyewe shinikizo linapozidi kiasi. Sufuria zetu za leo ni vitukuu vya chungu hicho, na vali za viwandani ni za ukoo huohuo.

Kiwandani shinikizo linaweza kupanda kwa sababu nyingi. Moto unaweza kuzuka nje ya tangi na kulipasha joto. Maji ya kupoza yanaweza kukatika. Mfanyakazi anaweza kufunga bomba la kutokea huku pampu ikiendelea kusukuma. Sababu inayohofiwa kuliko zote ni mmenyuko wa kikemikali unaotoka nje ya udhibiti: kemikali zinapoungana hutoa joto, joto huharakisha muungano, na muungano huongeza joto zaidi. Mbio hizo zikishaanza, dakika chache hutosha kukifikisha chombo ukomo wa uimara wake.

Kwa hiyo kila chombo cha aina hii huwekewa kifaa kimojawapo kati ya viwili, au vyote viwili. Cha kwanza ni vali ya usalama, ambayo hubanwa na springi. Hufunguka shinikizo linapofikia kiwango kilichopangwa, na hujifunga tena shinikizo linaposhuka. Cha pili ni kisahani chembamba, aghalabu cha chuma, ambacho hupasuka na kuacha tundu lililo wazi. Kisahani hakijifungi, kikishapasuka, hutoa mpaka chombo kiishiwe nguvu.

Vifaa hivi huokoa chombo. Havikuundwa kuwaokoa watu walio nje. Kuwaokoa hao ni kazi ya vifaa vinavyofuata baada ya vali, na hapo ndipo historia inapotufundisha kwa uchungu.

Seveso: mlango uliofungukia hewani

Kilomita zipatazo 20 kaskazini ya mji wa Milan, nchini Italia, palikuwa na kiwanda kilichotengeneza kemikali iitwayo triklorofenoli. Alfajiri ya Jumamosi tarehe 10 Julai 1976, wafanyakazi walisimamisha kazi kwa ajili ya mapumziko ya mwisho wa wiki, ilhali mchanganyiko uliokuwamo ndani ya tangi haujamaliza hatua zake. Kifaa cha kukoroga kikazimwa. Joto lililobaki katika kuta za tangi likaanzisha taratibu mmenyuko ambao hakuna aliyekuwapo kuutazama. Baada ya saa sita na nusu hivi, mchana, kisahani cha usalama kilipasuka.

Kisahani kilifanya kazi yake, na tangi halikulipuka. Lakini bomba lililotoka kwenye kisahani hicho lilipita juu ya paa na kuishia hewani. Mtengenezaji wa kisahani alikuwa ameshauri kiwekwe chombo cha pili cha kupokea sumu endapo kingepasuka. Chombo hicho hakikuwekwa. Wingu lililotoka lilibeba dioksini, mojawapo ya sumu kali kabisa zinazojulikana, nalo likapeperushwa na upepo na kuangukia miji ya jirani, hasa Seveso.

Hakuna aliyefariki siku hiyo, na pengine ndiyo sababu hatari haikutambuliwa upesi. Katika siku zilizofuata, sungura na kuku walianza kufa kwa maelfu, na watoto wakatokwa na vidonda vya ngozi. Wakazi wa eneo lililoathirika zaidi walianza kuhamishwa tarehe 26 Julai, siku 16 baada ya ajali. Zaidi ya watu 700 waliyaacha makazi yao, na makumi ya maelfu ya mifugo ilichinjwa ili sumu isiingie katika chakula cha watu.

Mwaka 1982 nchi za Jumuiya ya Ulaya zilipitisha sheria ya pamoja inayobeba jina la mji huo hadi leo. Miongoni mwa mambo yake ni kwamba watu wanaoweza kuathirika na ajali ya kiwanda ni lazima waelezwe mapema hatua za usalama na namna ya kujikinga.

Vifaa vya kupokea na kudhibiti

Mhandisi anayesanifu mlango wa dharura hujiuliza kwanza: kitakachotoka ni kitu gani? Kuna gesi safi, kuna kimiminika, na kuna povu, yaani gesi na kimiminika vikiwa pamoja. Atikisaye chupa ya soda kisha akaifungua anajua kwamba kinachotoka si gesi peke yake. Tangi la kemikali linalochemka kwa nguvu hufanya hivyohivyo. Povu huhitaji tundu kubwa kuliko gesi tupu, na bomba lililopimwa kwa kukisia gesi pekee huweza kuzidiwa. Jambo hili lilionekana kuwa zito kiasi kwamba mwaka huohuo wa 1976 taasisi ya wahandisi wa kemikali ya Marekani, AIChE, iliunda mpango maalumu uitwao DIERS ili kulichunguza.

Baada ya hapo huja mnyororo wa vifaa vya kupokea. Vilivyo vikuu ni vinne.

Kwanza, tangi la kupokea. Hili ni chombo kitupu na kipana ambamo povu hupunguza kasi, matone yakazama chini na gesi ikaendelea mbele. Ni sharti liwe kubwa kiasi cha kumeza ujazo wote wa kimiminika unaoweza kutoka, na ni sharti litunzwe likiwa tupu. Tangi la kupokea lililojaa maji ya mvua au mabaki ya zamani ni sawa na ndoo iliyojaa chini ya dari inayovuja.

Pili, tangi la kuzima. Ndani yake huwekwa maji baridi au kimiminika kingine kinachofaa. Mchanganyiko wa moto unapoingia hupoa, mvuke hugeuka kuwa kimiminika, na mmenyuko uliokuwa ukikimbia husimama.

Tatu, mnara wa kuoshea gesi. Humu gesi hupanda huku dawa ikinyunyizwa kutoka juu. Klorini huoshwa kwa magadi makali yaliyoyeyushwa majini. Amonia hunyonywa kwa urahisi na maji matupu, na kwa mitambo ya ubaridi baadhi ya miongozo ya kihandisi hutaka takriban lita 8 za maji kwa kila kilo 1 ya amonia inayoweza kutoka. Maji yaliyotumika nayo huwa sumu, hivyo ni lazima yakusanywe yasiingie katika mtaro au mto.

Nne, mwenge. Gesi zinazowaka hupelekwa juu ya mnara mrefu na kuchomwa hapo, mbali na watu. Kwenye ncha ya mnara huwapo moto mdogo usiozimwa, ulio tayari kuiwasha gesi wakati wowote. Wanaoishi jirani na mitambo ya gesi au mafuta huogopa wanapoona mwali umepanda ghafla usiku. Mara nyingi mwali huo unaonyesha kwamba gesi ya ziada inateketezwa badala ya kutambaa ardhini ikitafuta cheche. Hata hivyo, mwali mkubwa unaodumu au unaotoa moshi mweusi mzito unastahili kuulizwa na kutolewa maelezo.

Vifaa hivi hufanya kazi kwa kufuatana, na mnyororo hukatika penye pingili dhaifu. Tangi la kupokea likiwa dogo, kimiminika hufika kwenye mwenge na kunyesha kama mvua ya moto. Dawa ikiisha mnarani, gesi hupita bila kuoshwa. Tena, ikiwa kuna vali ya kufungia kati ya chombo na vali ya usalama, na mtu akaisahau imefungwa, mlango wa dharura huwa umepigwa komeo.

Bhopal: vifaa vilikuwapo, havikuwa tayari

Mtu anaweza kudhani kwamba kuwa na vifaa hivyo ni kinga ya kutosha. Mji wa Bhopal nchini India ulionyesha vinginevyo. Usiku wa kuamkia tarehe 3 Desemba 1984, maji yaliingia katika tangi la kiwanda cha dawa za kuua wadudu cha Union Carbide India, lililokuwa na takriban tani 40 za kemikali ya sumu iitwayo methili isosianeti. Joto likapanda, shinikizo likafuata, na vali ya usalama ikafunguka.

Kiwanda kilikuwa na mtambo wa kupoza tangi, lakini ulikuwa umezimwa miezi kadhaa kabla. Kilikuwa na mnara wa kuoshea gesi, lakini haukuwa umesanifiwa kumudu wingi wa gesi kama ule. Kilikuwa na mwenge, lakini bomba la kuufikia lilikuwa limeondolewa kwa matengenezo. Kilikuwa na mabomba ya kurushia maji, lakini maji hayo hayakufika kwenye kilele cha bomba lililokuwa likitoa gesi. Ngao zote nne zilikuwa zimeandikwa katika michoro, na hakuna hata moja iliyowakinga watu usiku ule.

Gesi ile ni nzito kuliko hewa. Ilishuka juu ya makazi duni yaliyopakana na kiwanda, watu wakiwa usingizini. Maelfu walipoteza maisha, na zaidi ya watu nusu milioni waliathirika. Wengi waliamka macho yakiwaka na vifua vikibana, wakakimbia pasipo kujua gesi ni gani wala upepo unaelekea wapi, kwa sababu hakuna aliyekuwa amewaeleza kabla.

Texas City: kimiminika kilipopita njia ya gesi

Tarehe 23 Machi 2005, katika kiwanda cha kusafishia mafuta cha BP kilichoko Texas City, Marekani, wafanyakazi walikuwa wakiwasha upya sehemu ya mtambo. Mnara mmoja ulijazwa kupita kiasi kwa saa kadhaa, huku kipimo kikitoa taarifa isiyo sahihi. Vali za usalama zilifunguka kama zilivyotakiwa. Kilichotoka kilikwenda kwenye pipa la kupokea lenye bomba refu lililo wazi juu, la muundo wa zamani, lisilounganishwa na mwenge wowote.

Pipa lilijaa. Kimiminika kinachowaka kikaruka kutoka kwenye ncha ya bomba kama chemchemi, kikamwagika chini, kikageuka wingu na kushika moto. Watu 15 walifariki na wengine 180 walijeruhiwa. Wote waliofariki walikuwa ndani au karibu ya ofisi za muda za wakandarasi, ya karibu kabisa ikiwa mita zipatazo 37 tu kutoka pipa hilo. Uchunguzi wa serikali ulibaini kwamba kampuni ilikuwa na nafasi zaidi ya moja ya kuliondoa pipa hilo na kuunganisha mfumo na mwenge, lakini haikufanya hivyo.

Tukivitazama visa hivi vitatu kwa pamoja, tunaona jambo moja. Katika kila kimoja mlango wa dharura ulifunguka. Kilichokosekana ni mahali salama pa kupokea kilichotoka. Huko Seveso hapakuwa na chombo cha kupokea, huko Bhopal vifaa vilikuwapo lakini havikuwa katika hali ya kufanya kazi, na huko Texas City kilichokuwapo kilikuwa kidogo, cha zamani, na watu wamewekwa karibu nacho.

Maswali ambayo jirani wa kiwanda anaweza kuuliza

Hapa kwetu hatari hii haiko katika viwanda vikubwa pekee. Amonia hutumika katika viwanda vya barafu na vyumba vikubwa vya ubaridi. Klorini hutumika kutibu maji ya kunywa. Gesi ya kupikia huhifadhiwa katika maghala na vituo vya kujazia. Huduma hizi tunazihitaji, na kuuliza maswali si kuzikataa.

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inatambua haki ya kila mtu kuishi katika mazingira safi, salama na yenye afya. Mradi unaoweza kuleta madhara makubwa hufanyiwa tathmini ya athari kwa mazingira, na wananchi wa eneo husika hushirikishwa. Mnapoitwa katika mkutano wa namna hiyo, tunashauri muulize yafuatayo:

1. Ni kemikali zipi zitahifadhiwa hapa, na kwa kiasi gani kwa wakati mmoja?
2. Vali ya dharura ikifunguka, kilichotoka kitapokelewa na kifaa gani? Je, kuna bomba lolote linaloishia hewani, na kama lipo, kwa nini ni salama?
3. Kifaa cha kupokea kilipimwa kwa hali mbaya kiasi gani? Je, kilizingatia povu, au gesi peke yake?
4. Mnara wa kuoshea au mwenge ukiwa katika matengenezo, je, uzalishaji husimama?
5. Vali hukaguliwa na nani, kila baada ya muda gani, na kumbukumbu za ukaguzi ziko wapi?
6. Umeme ukikatika, pampu za mnara wa kuoshea zitaendeshwa na nini?
7. King'ora kikilia usiku, tufanye nini, na tuelekee wapi?

Swali la nne ndilo lililoigharimu Bhopal, na la saba ndilo ambalo wakazi wake hawakuwahi kujibiwa. Kiwanda kinachoendeshwa vizuri hakitaona tabu kuyajibu yote kwa lugha nyepesi. Palipo na kusitasita, wananchi wanaweza kupitia serikali ya mtaa au kijiji na kuwasilisha hoja zao kwa Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira, NEMC. Masuala ya kemikali husimamiwa na Mamlaka ya Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali, na usalama wa wafanyakazi na Wakala wa Usalama na Afya Mahali pa Kazi, OSHA. Inafaa hoja iandikwe, itajwe siku na saa ya tukio, na mlalamikaji abaki na nakala.

Siku gesi inapotoka

Ikitokea kwamba harufu kali au wingu la gesi limetoka kiwandani, tunashauri hatua hizi.

Tazama upepo kwanza. Moshi, bendera au majani ya miti yatakuonyesha unakoelekea. Usikimbie kuelekea unakokwenda upepo, kwa maana utakuwa unaandamana na wingu. Kata njia kwa pembeni mpaka utoke kwenye mkondo wake, kisha uelekee upande unakotoka upepo, bila kupita ndani ya wingu.

Epuka mabonde, mitaro na vyumba vya chini. Klorini na gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa, hivyo hujikusanya mahali pa chini. Amonia ni nyepesi kuliko hewa, lakini inapotoka ikiwa baridi sana huweza kutambaa ardhini kama ukungu. Mbebe mtoto mdogo, usimburure kwa mkono, kwani anayetembea chini huvuta gesi nyingi zaidi.

Ukishindwa kuondoka, ingia ndani, funga milango na madirisha, ziba nyufa kwa nguo zilizoloweshwa, na uzime feni na viyoyozi. Ikiwa gesi ni ya kuwaka, usiwashe wala kuzima swichi yoyote na usiwashe gari. Kitambaa chenye maji puani husaidia kidogo tu, hivyo usikitegemee kukaa penye gesi.

Macho au ngozi ikiguswa na kemikali, vua nguo zilizochafuka na suuza kwa maji mengi safi kwa muda usiopungua dakika 15, kisha uende kituo cha afya. Piga simu namba 114 ya Jeshi la Zimamoto na Uokoaji, na ueleze mahali ulipo, rangi na harufu ya gesi, na upepo unakoelekea.

Kanuni hizohizo nyumbani

Mtungi wa gesi ya kupikia ni kiwanda kidogo kilichoingia nyumbani. Ndani yake gesi imegandamizwa mpaka ikawa kimiminika, na haujazwi hadi juu, kwa sababu kimiminika hutanuka kinapopata joto na huhitaji nafasi. Mitungi mingi ina tundu la usalama linalofunguka shinikizo likizidi. Kwa hiyo mtungi usimame wima daima. Ukilazwa, tundu hilo litatoa kimiminika badala ya gesi, na lita moja ya kimiminika hicho huwa takriban lita 250 za gesi. Usikubali mtungi uliozidishwa ujazo, hata ukiambiwa ni zawadi. Uweke mahali penye hewa, mbali na jiko la mkaa na jua kali. Ukisikia unafoka, usijaribu kuliziba tundu. Zima moto ulio karibu ikiwa ni salama kufanya hivyo, fungua milango, usiguse swichi, toa watu nje na uite msaada.

Hita ya maji ya bafuni nayo ina vali ya usalama yenye kibomba kinachodondosha maji mara kwa mara. Wapo wanaokerwa na matone hayo na kuziba kibomba kwa mbao au gundi. Kufanya hivyo ni kukiondoa chombo pumzi. Maji yakigeuka mvuke hutanuka zaidi ya mara 1,600, na hakuna ukuta wa bafu unaoweza kuistahimili nguvu hiyo. Matone yakizidi, mwite fundi aikague vali, na kibomba kielekezwe mahali ambapo maji ya moto hayatamwangukia mtu.

Sufuria ya presha isijazwe zaidi ya theluthi mbili, na kwa maharage, dengu na vyakula vingine vinavyotoa povu isizidi nusu. Povu ndilo linaloziba tundu la mvuke. Lisafishe tundu hilo kila baada ya kupika, na usikilazimishe kifuniko kufunguka kabla sufuria haijapoa.

Neno la mwisho

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Kwa vyombo vya shinikizo tunaongeza kwamba si kila tundu ni ufa. Lipo tundu lililowekwa makusudi ili kuokoa maisha, na hilo halizibwi. Linaandaliwa mahali salama pa kufungukia, na mahali hapo panakaguliwa, panatunzwa na kujulikana na wote wanaoishi jirani. Anayenunua mtungi na aulize kuhusu vali yake. Anayeishi kando ya kiwanda na aulize kuhusu tangi la kupokea, mnara wa kuoshea na mwenge, na aulize mapema, wakati vali ingali imefungwa.